Je, wajua kwa nini ng'ombe mmoja anaweza kupandisha gharama ya SMS mara tatu?

Chukua tangazo hili la ofisi ya kijiji: "Chanjo ya ng'ombe ni Jumatano saa 2 asubuhi kwenye josho. Leteni ndama pia. Kila mfugaji aje na kadi yake ya mifugo. Maswali: uliza ofisi ya kijiji." Ukihesabu pamoja na nafasi na nukta, ni herufi 148. Likitumwa kwa wafugaji 400, ofisi hutarajia kulipia SMS 400, maana SMS moja inabeba herufi 160. Ankara inakuja na SMS 1,200.

Jibu la haraka ni kwamba tangazo ni refu, na ni jibu ambalo hata wazoefu hulitoa. Basi maneno yanaanza kukatwa: "kwenye" inakuwa "kwny", "asubuhi" inakuwa "asb". Tangazo linashuka hadi herufi 130, halisomeki vizuri, na bado linalipiwa mara mbili. Wengine husema Kiswahili ndicho chenye shida, kwamba mitambo haikutengenezwa kwa ajili yake. Hilo nalo si kweli, tena ni kinyume chake: kila herufi ya Kiswahili imo katika orodha ya msingi ya herufi za SMS. Hatuna herufi zenye vikorombwezo. Kitu pekee cha ziada tunachohitaji ni ritifaa, ile alama ya ng', nayo imo pia. Wapo vilevile wanaomshuku mtoa huduma, lakini kwa kawaida hesabu yake ni sahihi.

Kosa liko kwenye umbo la ritifaa. Iliyonyooka (') imo kwenye orodha. Iliyopinda (’) haimo. Programu za kuandikia kwenye kompyuta, na baadhi ya kibodi za simu janja, huipinda zenyewe kwa ajili ya urembo, na kwenye skrini ndogo macho hayaoni tofauti.

Lakini alama moja inawezaje kuharibu herufi 147 nyingine? SMS haipimwi kwa herufi. Inapimwa kwa biti, yaani tarakimu za 0 na 1 ambazo simu huhifadhi, na kipande kimoja cha SMS kina biti 1,120 tu. Kifikirie kama kreti la chupa. Orodha ya msingi inaipa kila herufi biti 7, kwa hiyo kreti linagawanywa vyumba 160 vyembamba. Orodha kubwa, yenye maandishi ya karibu lugha zote, inaipa kila herufi biti 16. Hivyo ni vyumba vinene, na vinaenea 70 tu. Sharti ni kwamba kreti moja haliwi na vyumba vya saizi mbili: mpangilio mmoja hutangazwa mwanzoni mwa ujumbe, kisha hutumika kwa ujumbe wote. Ikiingia chupa moja nene, hata chupa nyembamba zote zinawekwa kwenye vyumba vinene.

Ujumbe ukigawanyika, kila kipande hutoa baiti 6 (biti 48) za kuieleza simu ni kipande cha ngapi kati ya vingapi. Ndiyo maana herufi zinabaki 153 badala ya 160, au 67 badala ya 70. Gawanya 148 kwa 67: vipande vitatu. Herufi 130: viwili. Ili kurudi kwenye kipande kimoja kwa kukata maneno, ungelazimika kutupa zaidi ya nusu ya tangazo, wakati dawa ni kunyoosha alama moja.

Orodha yenyewe ina vituko. Herufi kubwa 10 za Kigiriki, kama Σ na Ω, zimo na hazipandishi gharama. Alama ya ` haimo. Mabano ya [ ] yanakubalika, ila kila moja huhesabiwa herufi mbili. Emoji moja huhamisha ujumbe wote kwenye vyumba vinene, kisha yenyewe kwa kawaida inakalia viwili au zaidi.

Kuchunguza ni rahisi pale ambapo kihesabu cha herufi kinaonekana: nafasi ikishuka ghafla kutoka 160 hadi 70, futa alama uliyoandika mwisho. Kwa maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye waraka, tumia "tafuta na badilisha" kwa alama nne: ritifaa iliyopinda, alama za kunukuu zilizopinda, kistari kirefu (–) na nukta tatu zilizounganishwa (…). Zima pia mpangilio wa kupinda alama kwenye programu unayoandikia. Baadhi ya mifumo ya kutuma SMS kwa wingi hubadilisha alama hizi yenyewe, mingine haigusi kitu, kwa hiyo usikisie: jaribu kwanza.

Linalowachosha zaidi wahasibu ni majina. Tangazo likianza na "Ndugu" na jina linalovutwa kutoka kwenye jedwali, ritifaa iliyopinda inaweza kuwa kwenye majina machache tu. Hapo ujumbe uleule unaweza kulipiwa kipande kimoja kwa wengi na vitatu kwa wachache, na ukilikagua tangazo lenyewe hukuti kosa. Safisha safu ya majina kwanza, kisha utume jaribio kwa nambari yako ukitumia jina lenye ng' na usome idadi ya vipande kwenye ripoti.