Jiko lisilotoa moshi na mvua isiyounguza

“Mkaa ukishakolea hauna moshi, ingiza tu ndani.” Kauli hii inaua. Usiku wa baridi Makete au Limuru, dirisha limefungwa, mwanya wa chini ya mlango umezibwa kwa kanga kuukuu, watoto wamejifunika gubigubi, na jiko liko katikati ya chumba likiwaka jekundu bila hata uzi mmoja wa moshi. Jiko hilo linatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, moyo unachafuka, usingizi unakuwa mzito. Mtu anadhani ni uchovu wa shamba. Sufuria ya maji juu ya jiko haiifyonzi gesi hiyo. Jiko lilale nje. Aliyezidiwa atolewe kwanza kwenye hewa safi, kisha apelekwe hospitali hata kama ameshaanza kuzungumza.

“Hewa chafu ni shida ya mjini.” Inua macho utazame kenchi za jiko la kuni kijijini, masizi yamegandamana, meusi, yanang'aa kama lami. Mama anayepuliza kuni huku amembeba mtoto mgongoni anavuta moshi huo huo kila siku, na mtoto naye. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Naona hili ndilo la kupigiwa kelele kwanza.

“Mvua ya asidi inababua ngozi.” Haibabui. Ni mvua iliyochanganyika na gesi za moshi, hasa za salfa. Kwa kipimo cha pH, ambacho namba ikishuka asidi huwa kali zaidi, mvua ya kawaida ina takribani 5.6, ya asidi mara nyingi huwa kati ya 4 na 5, wakati maji ya ndimu yana 2 hivi. Unaweza kulowa chepechepe usihisi kitu. Inachokula ni udongo na maziwa: inaondoa kalisi ardhini na kuyeyusha aluminiamu, ambayo huharibu matamvua ya samaki. Ndivyo maelfu ya maziwa ya Uswidi na Norwe yalivyopoteza samaki, kwa salfa iliyopeperushwa kutoka Uingereza na nchi nyingine za Ulaya.

Kuna waliodhani dawa ni kurefusha dohani. Sudbury, Kanada, ilijengwa moja ya mita 381 mwaka 1972. Hewa ya mji ikapata nafuu, salfa ikaenda kuangukia mbali zaidi.

“Afrika viwanda ni vichache, hatuna mvua hiyo.” Waulize watu wa Goma, mashariki mwa Kongo. Volkeno za Nyiragongo na Nyamulagira hutoa dioksidi ya salfa kwa wingi, mabati huliwa na kutu mapema, na maji ya mvua yanayokingwa maeneo hayo yamekutwa na floraidi ya kuharibu meno.

Volkeno haizimwi. Salfa ya mafuta, hiyo tunaiweza: Januari 2015 kikomo cha dizeli katika Jumuiya ya Afrika Mashariki kilishushwa hadi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Lakini dizeli safi ikiingia kwenye injini yenye nozeli mbovu, yaani vipulizia mafuta vilivyochakaa, moshi mweusi utatoka vilevile, kwa hiyo daladala na malori yakaguliwe injini, isiwe breki na taa peke yake.