Kwa Nini Sauti Huenda Mbio Katika Chuma Kuliko Hewani

Wakazi wa magorofa ya mitaa ya Pipeline na Umoja, hapa Nairobi, wanaijua hali hii vizuri: jirani wa orofa ya nne akipigilia msumari ukutani, mtu wa orofa ya kwanza husikia kana kwamba nyundo imo chumbani mwake, ilhali jirani huyohuyo akiita kutoka dirishani huenda asisikike. Tofauti hiyo inatokana na kile ambacho sauti inapitia.

Sauti ni mtetemo unaopokezanwa. Katika foleni ya kungojea basi, mtu wa nyuma akisukumwa, msukumo hufika mbele ingawa yeye mwenyewe amebaki palepale. Chembe za hewa, za maji na za ukuta hufanya vivyo hivyo, na pasipo na chembe, yaani katika ombwe, sauti haipiti kabisa.

Wanafunzi wanaotembelea maabara yetu, na mara nyingine walimu wao, husema kwamba sauti huenda mbio katika chuma kwa sababu chuma ni kizito. Jibu hilo limezoeleka mno, nalo si sahihi. Uzito wa chembe huchelewesha wimbi; kinacholiharakisha ni ukakamavu, yaani jinsi kitu kinavyokataa kubonyezwa na kuwahi kurudi katika hali yake. Madini ya risasi ni mazito kuliko feleji (chuma cha pua), lakini sauti hupita ndani yake kwa takriban mita 2,000 tu kwa sekunde, huku katika feleji ikifikia karibu mita 5,900. Katika maji ni takriban mita 1,480, na katika hewa ya nyuzi 20 za sentigredi ni mita 343.

Mwaka 1808, mwanafizikia Mfaransa Jean-Baptiste Biot alilipima jambo hili mjini Paris kwa kutumia mabomba ya chuma yaliyounganishwa hadi kufikia urefu wa takriban mita 951. Upande mmoja ulipogongwa, aliyekuwa upande wa pili alisikia milio miwili, wa kwanza kupitia chuma na wa pili kupitia hewa, ikipishana kwa sekunde mbili na nusu hivi. (Mtu asiende kutega sikio kwenye reli ya Makadara ili kulithibitisha, kipande kirefu cha bomba nyumbani kinatosha kuonyesha jinsi chuma kinavyobeba sauti.)

Mara nyingi tunaulizwa kama sauti huenda polepole Nairobi kuliko Mombasa, kwa kuwa mji wetu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Wepesi huo peke yake haubadilishi kitu, maana densiti ya hewa, yaani uzito wake katika ujazo uleule, na shinikizo lake, ambalo ndilo huipa ukakamavu, hupungua kwa pamoja. Kinachobadilisha ni joto: kila nyuzi moja huongeza takriban mita 0.6 kwa sekunde, hivyo asubuhi ya Julai yenye nyuzi 12 hapa kwetu sauti huenda mita 339, na alasiri ya nyuzi 30 pale Mombasa mita 349.

Hata hivyo, kasi haielezi kila kitu. Wimbi linapotoka hewani na kukuta ukuta wa mawe, sehemu kubwa ya nguvu yake hurudishwa, kwa sababu vitu hivyo viwili vinatofautiana mno kwa densiti na ukakamavu. Sauti ya anayeita dirishani hukwama hapo, lakini nyundo huingiza mtetemo moja kwa moja ndani ya ukuta. Jeli baridi anayopakwa mama mjamzito tumboni kabla ya kupigwa picha ya ultrasaundi ina kazi hiyohiyo: huondoa hewa kati ya kifaa na ngozi, maana hewa hiyo, hata ikiwa utando mwembamba tu, ingerudisha karibu mawimbi yote.

Besi ya kilabu cha jirani ni tatizo la aina nyingine. Mlio wa mitetemo 100 kwa sekunde una wimbi la urefu wa mita 3.4 hewani, na mawimbi marefu namna hiyo hutikisa ukuta mzima, kwa hiyo pazia zito halisaidii chochote. Afadhali mtetemo uzuiwe mahali unapoanzia, kama afanyavyo fundi anayefunga pampu ya maji, ambaye huweka vipande vya mpira chini ya miguu ya pampu hiyo: mpira ni laini, hurudisha sehemu ya mtetemo na kugeuza nyingine kuwa joto kabla haijaingia katika zege.