Mnada wa sarafu mtandaoni: amua bei yako kabla hujabonyeza

Wengi wanaotuletea sarafu walizonunua mtandaoni huanza na lalamiko lilelile: "Nilipanga dola 40, nikajikuta kwenye 90." Ukiwauliza ilikuwaje, utasikia walikaa na simu jioni nzima wakipandisha dola moja moja.

Chukua heller 20, sarafu ya Afrika Mashariki ya Wajerumani, ya mwaka 1916 yenye herufi T. T ni Tabora. Ilikuwa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani hazifiki, kwa hiyo Wajerumani wakazitengeneza kwenye karakana ya reli. Zilitoka nyingi, na hadi leo si adimu. Ukiikosa hii, nyingine itakuja.

Kwenye eBay, soko la minada la mtandaoni, unaandika kiwango chako cha juu kabisa, na mtambo unakupandishia dau pale tu unapolazimika. Umeandika dola 60, mwenzako ameishia 35: unalipa 36, si 60. Kwa hiyo kupanda kidogo kidogo hakukuokolei hata senti, kunawaamsha wenzako tu. Andika mara moja, sekunde za mwisho, maana mnada pale hufungwa saa iliyotajwa na mpandaji wa dola moja moja hapati muda wa kurudi. (Hakikisha bando lipo.) Dau mbili zikilingana, la aliyetangulia ndilo hushinda, ndiyo maana mimi huandika 61.37 badala ya 60. Ila nyumba nyingi za mnada huongeza muda kila dau jipya linapoingia dakika za mwisho, na huko ujanja wa kuchelewa haufui dafu.

Kiwango chenyewe kinatoka wapi? Tazama bei za minada iliyokwisha kufungwa. Bei anayoitaja muuzaji ni matumaini yake tu. Mtu anaweza kuibandika heller 20 dola 500 ikakaa hapo miaka. Kisha toa gharama. Tuseme mfukoni una dola 100. Posta ni 16, zinabaki 84. Nyumba ya mnada inatoza mnunuzi asilimia 20 juu ya bei ya nyundo, yaani dau lililoshinda, basi dau lako la mwisho ni 70, maana 70 na asilimia 20 yake ni 84 kamili. Na hapo forodha hatujaigusa.

Kwa rupia 15 ya dhahabu, ile yenye tembo, iliyotengenezwa Tabora kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, dau ni la mwisho kufikiria. Za bandia ni nyingi. Halisi ina uzito wa gramu 7.168, kwa hiyo mwombe muuzaji picha ikiwa juu ya mizani. Uzito sahihi peke yake hauthibitishi kitu, lakini muuzaji wa dhahabu anayekwambia hana mizani, mimi humwachia sarafu yake.