Kushusha thamani ya gari hakupunguzi gharama

Kuna wenye magari Kisumu wanaoamini kwamba gari la shilingi 1,000,000 likiandikishwa kuwa la 600,000, wameokoa pesa kwenye bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe. Ada hupungua, kweli. Lakini mkataba ukiwa na kipengele cha uwiano, yaani kulipwa kwa kadiri ya thamani uliyoandikisha, ukagonga nguzo pale Kondele na gereji ikadai 200,000, kampuni huhesabu asilimia 60 tu, yaani 120,000, kisha hukata ekses, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Zinazobaki utatoa mfukoni. Gari likiibwa, usitarajie zaidi ya 600,000.

Lipeleke kwa mthamini kwanza. Halafu mdai wakala hati kamili ya mkataba, si kotesheni pekee, usome ekses ya wizi na ya dereva kijana: bei rahisi hujificha hapo. Thadi pati, bima ya kulipia hasara ya watu wengine tu? Hiyo haitengenezi gari lako kabisa.