Rejimu (kujinyima chakula) ya wiki mbili haisaidii: anza na kitu kimoja ku sahani yako

Kila tarehe 17 mwezi wa tano, siku ya dunia ya tansio (presha ya damu), tunatoka na meza zetu na mashine za kupima, na kila mara kisha kampeni malalamiko inaanza kuingia. Safari hii imekuwa mingi. Watu wanasema walipimwa, wakaambiwa waangalie chakula na wafanye spor, wakafanya vile walivyoambiwa, na leo wako palepale, wengine hata wameongeza kilo. Tumesikiliza. Njo maana servisi ya lishe imeniomba niandike hii kwa wakaaji wote wa Ibanda, Kadutu na Bagira, komine tatu za Bukavu, hata na wale wanaotuandikia WhatsApp saa saba ya usiku wakiuliza kama avoka inanenepesha.

Tukiuliza mtu alifanya nini, jibu linafanana sana. Papa ameacha bugali kabisa, ameacha nyama, ameacha chumvi, ameacha bia, saa kumi na moja ya asubuhi yuko anakimbia ku barabara na jezi mpya, yote kwa siku moja. Wiki ya tatu kunatokea kilio ku familia, anaenda kukesha, anakula kile chenye wote wanakula, kesho yake anajiona ameshindwa na anaacha yote, hata na vidonge vya tansio. Vidonge! Hapo njo tunakasirikaka kidogo, mutusamehe, juu dawa haikuwa sehemu ya rejimu, dawa inatolewa na daktari na ni daktari tu anaweza kuipunguza.

Sasa niwaambie kitu chenye kilipimwa vizuri. Marekani walifuata watu zaidi ya 3000 wenye sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini bado haijafika diabeti, matokeo yakatoka mwaka wa 2002. Kundi moja walipewa lengo ya kupunguza 7% ya uzito, ni kusema mtu wa kilo 80 apoteze kama kilo tano na nusu, pamoja na dakika 150 za kutembea haraka kwa wiki. Basi. Hawakuombwa wakuwe wembamba kama vijana wa kwaya. Hatari yao ya kuingia mu diabeti ilishuka kwa 58%, na kundi lenye lilipewa metformini, dawa ya diabeti, ilishuka kwa 31%. Kilo tano na nusu, munaona? Mtu anakuja hapa na kilo 94 anasema anataka kufika 65 kabla ya ndoa ya mdogo wake, mwezi wa nane, na ukimwambia kilo tano anakuangalia kama umemtukana.

Na juu ya mazoea, kuna utafiti mwingine wa London wa 2009, watu walichagua tabia moja ndogo kama kunywa maji pamoja na chakula ao kutembea kidogo mbele ya kula, wakaangalia inachukua siku ngapi mpaka mtu anafanya bila kujilazimisha. Wastani ilikuwa siku 66, lakini kuna wa siku 18 na kwa wengine hesabu ilienda mpaka 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo ule papa wa kilio hakuwa ameshindwa hata, alikuwa tu ameruka siku.

Ndiyo maana tunaomba kitu kimoja. Moja, si saba. Unakichagua wewe mwenyewe, unakaa nacho miezi miwili ao tatu, kisha unaongeza kingine.

Tuanze na bugali juu najua njo swali. Hatusemi uache bugali, narudilia, hatusemi, na mwenye anazunguka quartier akisema servisi ya lishe inakataza bugali anatusingizia. Iwe ya muhogo, iwe ya mahindi, iwe ya kuchanganya, shida yake ni kipimo. Sahani yenye tunaonyesha mu kampeni iko hivi: nusu mboga, robo bugali (ao mchele, ao ndizi, ao viazi, usiweke vyote vitatu kisha useme ni robo ya kila moja, tunajua hiyo mbinu), robo maharagi ao samaki. Kwa nyumba nyingi za hapa iko kinyume, mlima wa bugali na mboga pembeni ya kuchovya tu. Anza na kupunguza ngumi moja ya bugali na kuongeza upawa moja ya lengalenga ao ya sombe (majani ya muhogo). Tumbo litajaa, hautaona tofauti kubwa.

Sombe sasa. Sombe ni mboga nzuri, tatizo ni kile tunamwangia ndani. Tulifanya siku moja ya kupika ku kuzini ya servisi, sufuria ya watu wanane, mama mmoja wa Nyamugo akachukua kopo tupu ya tomati, akaijaza mawese mpaka juu, akataka kumwanga vile alizoea. Tukamwomba aimwange kwanza na kijiko cha mezani, moja moja, wote tunahesabu kwa sauti. Tulifika kumi na mbili na kopo bado iko na mafuta, mama mwenyewe akaanza kucheka akasema muache kuhesabu munanipatisha haya. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ni kama kalori 120, hesabu munaweza kujimalizia. Siku ingine tukapika na nusu ya ile mafuta, tukaongeza bilinganya, kitunguu na karanga kidogo za kutwanga, watu wakala wakamaliza, mtoto mmoja tu alisema leo sombe haina rangi. Na tafazali, ile habari ya "mafuta yetu haina kolesteroli imeandikwa ku bidon" haimaanishi uimwange kama maji, mafuta ni mafuta.

Chumvi: OMS (Shirika la Afya Duniani) inasema chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, ni kama kijiko kimoja cha chai, na hapo ndani muhesabu chumvi ya mkate, ya samaki mkavu na ya magi, vile vipande vya kuongeza ladha. Magi njo inatuangusha. Mtu anaapa mbele ya infirmie kwamba haweki chumvi, kumbe mu sufuria kunaingia magi tatu, na karibu nusu ya uzito wa magi ni chumvi. Kwa mwenye tansio hii ndiyo ningechagua kama kitu cha kwanza: toa magi moja, wiki zingine utoe ya pili, ulimi unazoea. Lakini usikimbilie kutoa chumvi yote mu nyumba yenye iko na watoto, juu chumvi njo inatuletea iyodi, na wazee wa Idjwi wanajua vile shingo za watu zilikuwa zinavimba na goita.

Vinywaji nitapita haraka. Soda ya sentilita 33 iko na gramu karibu 35 za sukari, na juisi ya paketi haiko mbali. Chai yenye vijiko vinne, shusha nusu kijiko kila wiki mbili. Bia ni chakula pia, haiendi ku kibofu peke yake.

Sambaza nazo, wale samaki wadogo wa ziwa, tunazidharau ovyo. Zililetwa mu Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, leo kila mtu anazipata kwa kipimo kidogo ku soko, na vile unakula na mifupa yake unapata protini na kalisiamu kwa mara moja. Zikaangwe kidogo, ao zipikwe na nyanya, si lazima ziogelee. Wale wanaotafuta unga wa protini wa kuagiza, sijui tuwaambie nini.

Spor: OMS inaomba dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa kadiri, ni kusema unatembea unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kukata mu vipande inaruhusiwa, dakika kumi asubuhi, kumi na tano mangaribi. Sasa Bukavu iko karibu mita 1500 juu, ni milima tupu, Mungu alishatupatia sale ya spor ya bure, na sisi tunapanda moto (pikipiki) kutoka Nyawera mpaka Place! Nasema hivi kwa upendo. Ushuke moto mbele kidogo ya fasi unaenda, umalizie na miguu, kila siku ya kazi. Kwa mwenye magoti yanauma, utembee fasi ya sawasawa kwanza, usianze na kilima cha Kadutu, na ukisikia maumivu ya kifua ao pumzi inakatika unasimama na unakuja kupimwa, hauendelei eti jasho inatoa ugonjwa.

Ila hii ya spor haimhusu kila mtu. Mama mwenye anabeba gunia toka bandari mpaka soko ya Kadutu, mara tatu kwa siku, amekwisha zile dakika zake za wiki mbele ya saa ine ya siku ya kwanza, na nimesikia wenzangu wa kazi wakimshauri "afanye mazoezi". Hapana. Kwa ule mama tunaongea chumvi, tunaongea maji ya kutosha, tunaongea kula asubuhi kitu chenye si kitumbura na chai peke yake, na tunampima tansio.

Na tahadhari, juu servisi inaniomba niiandike wazi. Kupunguza chakula si kwa watoto, si kwa mama mwenye mimba ao anayenyonyesha, si kwa mwenye yuko anatibiwa kifua kikuu. Tuko na nyumba zenye mama iko na diabeti na mtoto wake wa miaka miwili iko na utapiamlo, sufuria ni moja, ushauri ni mbili tofauti. Mwenye anachoma insulini ao anakunywa glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) asiruke chakula hata mara moja: ukitetemeka, ukitoka jasho ya baridi, ukichanganyikiwa, kunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari papo hapo, kisha ule, kisha ukuje.

Kuhusu chai za kukatisha tumbo na sirop za "kuyeyusha mafuta" zenye zinauzwa mpaka mu kiwanja yetu. Zingine zinaharisha tu, kilo yenye unapoteza ni maji, inarudi. Sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 juu ya afya ya umma inapanga nani anaruhusiwa kuuza dawa, na muuzaji tukimkuta ndani tunamtoa, tunaandika ripoti, ripoti inaenda kwa inspektere, hatuna ruhusa ya kumsamehe hata akiwa ndugu ya mtu wa hapa.

Utaratibu wa kuja kupimwa. Unakuja siku ya pili ao ya ine (Jumanne ao Alhamisi), mbele ya saa mbili asubuhi, na karne yako, kale kadaftari ka vipimo. Karne ikipotea unanunua ingine ku resepsio na tunaanza upya, juu vipimo vya zamani hatuviandiki kwa kukumbuka. Ya sukari unakuja bila kula masaa nane, maji matupu inaruhusiwa. Kipimo cha mara moja hakitoshi: 126 (miligramu kwa desilita) ku sukari ya asubuhi tunarudilia siku ingine kabla ya kusema ni diabeti, na tansio ya 140 kwa 90 pia tunarudilia, umekaa dakika tano kimya, miguu chini, bila kuongea na simu. Kisha tunapima kiuno na utepe, tunaandika kile kitu kimoja umechagua, unapiga sinyatire, randevu ni kisha wiki ine. Ukikosa randevu mbili bila kutuma neno, fishi yako inatoka ku zile tunazofuata inaenda ku arshivi, na kuirudisha ni barua kwa mkuu wa servisi, ndiyo, hata kama ulikuwa na kilio, unatuma tu mtoto akuje aseme. Na kama njiani ulikunywa chai ya sukari, sema ku labo mbele hawajakuchoma, hatukugombeze, tunakupatia siku ingine.