Usanifu kinga: ajali ya fundi inapozuiwa kwenye ramani

Nyumba nyingi za paa la zege zinazojengwa Unguja siku hizi huzungushiwa juu kijiukuta cha kozi mbili, yaani safu mbili, za tofali. Tofali la saruji lina kimo cha inchi 9, kwa hiyo kozi mbili zinamfika fundi magotini. Ni kimo kibaya kuliko vyote. Fundi anayepiga sakafu ya paa hurudi kinyumenyume akivuta rula, macho chini, na kijiukuta kile hakimzuii, kinampiga ngwala. Kozi nne zinakaribia mita moja na tano zinafika mita 1.2. Uingereza inataka uzio wa kuzuia kuanguka kazini usipungue milimita 950, na Marekani inataka inchi 42, yaani kama mita 1.07.

Aliyeamua kozi mbili badala ya tano si fundi. Ni aliyechora ramani, pengine mwaka mzima kabla, na huenda hata hakufikiria kwamba anaamua jambo la usalama. Alikuwa anatafuta sura ya nyumba.

Usanifu kinga ndio huo uamuzi ukifanywa kwa makusudi: kuangalia hatari za watu watakaojenga, kukarabati na hatimaye kubomoa jengo wakati bado liko kwenye karatasi, kisha kubadilisha mchoro ili hatari hizo zisipate nafasi. Ukipenda iite usanifu wa kuzuia ajali, ni mamoja. Isichanganywe tu na uimara wa jengo. Mhandisi anapopiga hesabu za nondo na nguzo anataka nyumba isimame ikishamalizika. Hapa swali ni jingine: itasimamaje njiani, na mtu atasimama wapi wakati anaisimamisha? Nyumba inaweza kuwa imara miaka mia na bado ikawa imemvunja mtu mgongo siku ya kupiga plasta.

Wataalamu wa usalama kazini hupanga kinga kwa daraja. La kwanza ni kuiondoa hatari kabisa, halafu kuibadilisha kwa kitu chenye hatari ndogo zaidi, kisha kuweka kizuizi, kisha kanuni na mafunzo. Kofia ngumu, buti na mkanda wa usalama viko mwisho kabisa, kwa sababu vinamtaka mtu akumbuke kuvivaa kila siku, kwenye jua la Februari, huku karai la zege liko begani. Kwenye maeneo mengi ya ujenzi tunaanzia mwisho huo, tena tukikutana na mtu hana kofia tunamkaripia yeye.

Wazo lenyewe si geni duniani. Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unasema katika kifungu cha 9 kwamba wanaohusika na kusanifu na kupanga mradi wa ujenzi wazingatie usalama na afya ya wajenzi. Nchi za Ulaya zilipata agizo lao la pamoja mwaka 1992, Uingereza ikatunga kanuni mwaka 1994 na kuzirekebisha mwaka 2007 na 2015. Marekani taasisi ya serikali ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, ilianzisha mpango wa kitaifa wa jambo hili mwaka 2007. Viwanja vya Olimpiki ya London ya 2012 vilijengwa bila mjenzi hata mmoja kufa. Zanzibar nayo ina sheria yake ya usalama na afya kazini, namba 8 ya mwaka 2005, mbali na ile ya Bara. Lakini sheria ni kitu kimoja, na kalamu ya mchoraji wa nyumba ya vyumba vitatu Fuoni ni kitu kingine.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilizungumzi sana, nalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote. Nyumba zetu hujengwa kidogo kidogo. Pesa ikipatikana msingi unachimbwa, ikikatika kazi inasimama, mwakani inapanda mpaka renta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, halafu inasimama tena. Ramani lakini huchorwa kana kwamba nyumba itashuka mara moja kutoka mbinguni. Matokeo yake ni kwamba kila pahala kazi inaposimama panageuka mtego: nondo za nguzo zimechomoza juu ya slabu, ile sakafu ya zege ya juu, miaka mitatu zikila kutu ya upepo wa bahari, tundu la ngazi liko wazi, ukingo hauna ukuta. Fundi atakayerudi hapo mwakani si lazima awe yule aliyeondoka, na hajui kilichoachwa.

Nilipokuwa mgeni kwenye kazi ya kuchora, fundi mmoja mtu mzima aliniita juu ya ghorofa Kiembesamaki. Nikamwamkia, akaitika, akanishika mkono.

"Njoo mwanangu, nioneshe ngazi yako."

Kwenye ramani yangu ngazi ilikuwapo. Juu pale palikuwa na vipande vya bati vilivyotandazwa juu ya shimo, kwa sababu tajiri, yaani mwenye nyumba, alikuwa hajaamua ngazi iwe ya zege au ya mbao, nami nilimwachia aamue baadaye. Vijana walikuwa wakipandia ngazi ya miti kwa nje.

"Si limefunikwa, fundi?"

"Limefunikwa. Na mwenye kubeba tofali mbili haoni miguu yake. Akilikanyaga bati?"

Sikuwa na jibu. Bati juu ya shimo ni baya kuliko shimo wazi, maana linajifanya sakafu.

Tangu hapo kuna mambo mawili nayachora tofauti. La kwanza, nondo za slabu hupita juu ya kila tundu, la ngazi au la mabomba, na hukatwa siku tundu linapohitajika. Nondo zikiwa zimesukwa karibu karibu, mtu hapiti. La pili, ngazi ya zege naipangia imwagwe ghorofa kwa ghorofa pamoja na slabu, si mwisho. Ile ngazi ambayo mwenye nyumba ataitumia miaka hamsini inaanza kwa kumtumikia saidia fundi anayepanda na karai mara sitini kwa siku.

Na kabla ya kuchora namuuliza tajiri: mwaka huu utaishia wapi? Akisema renta, basi nachora nyumba inayoweza kusimama salama kwenye renta. Akisema slabu ya kwanza, kijiukuta cha ukingo kinaingia katika hesabu ya slabu hiyo, hakingojei "finishingi".

Gharama ipo, tusidanganyane. Paa la mita 10 kwa 12 lina mzunguko wa mita 44, na kila kozi inakula tofali kama 95. Kuongeza kozi tatu ni tofali karibu 285, pamoja na vinguzo vya zege vya kuushika ukuta dhidi ya upepo. Wengine hapo hukataa. Basi kuna njia ya katikati: kozi mbili na mabomba ya chuma juu yake, alimradi mabomba yafungwe kabla ya kazi ya paa kuanza na si siku ya kupaka rangi.

Mambo mengine hayagharimu kitu. Dirisha ambalo kizingiti chake cha chini kina mita moja linakuwa uzio tayari tangu ukuta unapopanda, wakati dirisha la kufika sakafuni, ambalo sasa ndiyo mtindo, ni mlango wa kutokea hewani mpaka kioo kitakapokuja. Shimo la karo, yaani la maji machafu, likichorwa refu kwenda chini kwa sababu uwanja ni mdogo, kuna mtu atashuka humo na chepe. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na ukingo ukikatika hapana muda wa kupiga kelele. Mashimo mawili mafupi yanachimbwa kwa amani zaidi kuliko moja refu. Tofali zima la inchi 6 lina karibu kilo 30, na Waingereza wanashauri mtu mmoja asiwe akinyanyua tena na tena tofali linalozidi kilo 20. Lenye matundu, pale mhandisi anapoliruhusu, linauokoa mgongo wa mwashi bila kumwambia neno.

Mji Mkongwe una hesabu yake. Kuta ni za mawe na chokaa, dari zimebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vingi ni virefu vyembamba: upana wake ni urefu wa boriti. Ila boriti hazibebi sakafu tu, zinashikanisha kuta mbili zisiachane. Anayechora ukarabati akaandika "toa boriti zote, weka mpya" amechora pia siku ambayo ukuta wa ghorofa tatu utasimama peke yake na watu chini yake. Mchoro wa ukarabati unaostahili jina hilo unaonesha zamu: boriti ngapi zitolewe kwa wakati mmoja, mihimili ya kushikiza ikae wapi, nani asiwe chini. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 wakati likikarabatiwa, na watu wawili wakapoteza maisha.

Wachoraji wenzangu wengi hujibu kwamba namna ya kujenga ni juu ya kontrakta, wao kazi yao ni kuonesha kinachotakiwa. Hata Marekani wasanifu wamejikinga kwa hoja hiyo miaka mingi, wakiogopa kushitakiwa. Ina nguvu pale penye kontrakta. Kwenye nyumba nyingi za Unguja na Pemba hakuna kontrakta. Kuna tajiri, fundi wa kulipwa kwa kazi, na mchoraji wa ramani. Kati ya watatu hao, aliyesomea ni mmoja.

Hoteli za pwani, Nungwi mpaka Paje, zina mapaa ya makuti yaliyosimama kama mlima, na kila baada ya miaka michache kuna watu watapanda kuyaezeka upya. Hili linajulikana tangu siku ya kwanza, kwa hiyo mahali pa kufunga kamba ya mkanda panafaa kuwa ndani ya mchoro, pamefungwa kwenye mbao kuu na si kwenye fito. Marekani inadai mahali pa kufungia kamba ya mtu mmoja pastahimili mvuto wa paundi 5,000, karibu kilo 2,270, maana mtu anayeanguka huvuta mara nyingi zaidi ya uzito wake. Hesabu hiyo ni ya mhandisi, tena ni ya nusu saa. Ikishindikana wakati wa kuchora, muezekaji atafunga kamba yake kwenye pau lolote analoliona limenyooka.