Asili moja: kufanana kwa sauti hakutoshi

Mtu akisema maneno mawili yana asili moja, amedai jambo zito: kwamba zamani palikuwa na neno moja katika lugha moja, lugha hiyo ikazaa lugha nyingine, na kila mtoto akalirithi neno lile na kulitamka kwa namna yake hadi likafika kwetu kama maneno mawili. Fasili ni hiyo, wala haina ugumu. Lakini hapa Mwanza msemo huu siku hizi unabandikwa kwenye kila neno linalogongana kwa sauti na neno la watu wengine. Juzi nimeusikia tena mwaloni Kirumba, safari hii kuhusu samaki wetu sato. Kijana mmoja aliwaeleza wenzake kwa uhakika kabisa kwamba Wajapani nao wana Sato, kwa hiyo sisi na wao tuna asili moja, na wenzake wakakubali bila swali.

Kweli Wajapani wana Satō. Ni jina la ukoo, tena limeenea sana huko kwao. Irabu yake ya mwisho huvutwa, na herufi ya pili ya jina hilo ni ya mmea unaotambaa wenye vichala vya maua ya zambarau. Kuna satō nyingine inayoandikwa kwa herufi tofauti, nayo ni sukari. Ukiikatisha irabu ya mwisho unapata sato, yaani kijiji, au mahali mtu alikozaliwa. Samaki hayumo kokote. Sato wetu ni samaki wa jamii ya perege, na kinachomuunganisha na ukoo wa Kijapani ni silabi mbili ambazo mdomo wa binadamu yeyote unaziweza.

Migongano ya namna hii haiepukiki. Dunia ina lugha zipatazo 7,000, na zote zinaunda maneno kwa sauti chache. Kiswahili kina irabu tano. Ukizipanga moja moja nyuma ya konsonanti zetu utapata silabi mia moja na ushee, basi. Neno likiwa fupi, lazima liangukie mahali ambapo wengine wameshakaa. Chukua "na". Kwa Kireno ni "katika", mbele ya nomino ya kike. Kwa Kirusi na Kipolandi ni "juu ya". Mkorea akisema "na" anajitaja mwenyewe, mimi. Kwa Kitagalogi cha Ufilipino ni "tayari", na Mhausa akisema "na tafi" ana maana ya "nilikwenda". Katika orodha hiyo yote hakuna ndugu wa "na" yetu hata mmoja. Ndugu yake yuko jirani: ni "na" ya Kisukuma.

Hata sauti na maana zikifanana zote mbili, bado haitoshi. Kaskazini mwa Queensland, Australia, kulikuwa na lugha ya Kimbabaram. Mwanaisimu R. M. W. Dixon alipokuwa akiikusanya miaka ya 1960, aliuliza mbwa anaitwaje, akajibiwa: dog. Mtu angeapa kwamba neno hilo limechukuliwa kwa Waingereza. Halikuchukuliwa. Lugha ya karibu, Kiyidiny, humwita mbwa gudaga, na Kimbabaram kilikuwa na mazoea ya kudondosha mwanzo wa maneno pamoja na irabu ya mwisho. Gudaga ikapukutika huku na huku mpaka ikabaki dog. Vilevile "bad" ya Kiajemi ina maana ileile ya "bad" ya Kiingereza, mbaya, na maneno hayo hayakutoka sehemu moja.

Hapo huwa naulizwa habari za mama. Mbona dunia nzima husema mama? Kwanza si dunia nzima: kwa Kijojia, lugha ya nchi ya Georgia, mama ni baba, na mama huitwa deda. Halafu sababu ya neno hilo kuenea ilielezwa na mwanaisimu Roman Jakobson mwaka 1960. Mtoto mchanga anaanza na sauti za midomo kwa sababu ndizo nyepesi kwake, na wazazi wa kila nchi wanazipokea kana kwamba wameitwa wao. Neno linazaliwa upya kila mahali. Wasukuma, kwa upande wao, wana mayu.

Sasa yatazame maneno yenye asili moja kweli, kwa sababu uzuri wa jambo lenyewe uko hapa na ndio unaopotea. Mara nyingi hayafanani kiasi unachotarajia. Njaa kwa Kisukuma ni nzala. Njia ni nzila. Mtoto aliyekulia mjini akamsikia bibi yake akisema "nzala" hawezi kubahatisha. Nenda Malawi, kwa Wachewa: njaa ni njala, njia ni njira. Ziwa kwetu huku ni nyanza, kwao ni nyanja, na kwa Waganda ni nnyanja. Yaweke maneno hayo pamoja, yasome polepole, utaona mpango. Penye nj ya Malawi na ya Kiswahili, Kisukuma kina nz. Penye l ya Kisukuma katikati ya neno, Kiswahili kimebaki na pengo: nzala na njaa, nzila na njia. Kiswahili kimeidondosha l hiyohiyo hata mwanzoni mwa shina la kitenzi. Mbwa wa Msukuma analuma, wa Mswahili anauma.

Huo ndio ushahidi wa undugu. Maneno yanatofautiana, na tofauti yao inajirudia kwa utaratibu uleule kutoka jozi moja hadi nyingine. Utaratibu wa namna hiyo hauwezi kuletwa na bahati.

Kuna mfano mmoja ninaoupenda kuliko yote, na uko kwenye kuhesabu tu. Tatu kwa Kisukuma ni idatu. Tano ni itano. Kwa nini t ya tatu imegeuka d, na ya tano imebaki ilivyo? Angalia silabi inayofuata. Ndani ya tatu, t inafuatwa na t nyingine, sauti isiyo na mghuno, yaani isiyotetemesha koo, na Kisukuma hakipendi sauti mbili za namna hiyo zifuatane. Ile ya kwanza inapewa mghuno, inakuwa d. Ndani ya tano inafuata n, ambayo tayari ina mghuno, kwa hiyo hakuna cha kubadilisha. Aliyeligundua jambo hili alikuwa Edmund Dahl, mmisionari wa Kimoravian aliyeishi kwa Wanyamwezi, na mwaka 1903 mwanaisimu Mjerumani Carl Meinhof akaliita Kanuni ya Dahl. Linafika hadi kwa Wakikuyu wa Kenya. Ndiyo maana wenyewe husema Gikuyu: kiambishi ki- kimegeuka gi- kwa sababu mbele yake kuna k. Kanuni iliyosikika kwanza Unyamwezini inafanya kazi kwenye jina la watu wa Mlima Kenya. Hiyo ni asili moja, na nikiifikiria najisikia fahari kuwa mtu wa ukanda huu.

Kwa hiyo linaniuma zaidi dai jingine, la hapahapa nyumbani. Nimewasikia watu wakieleza kwamba Wasukuma wameitwa hivyo kwa sababu walisukumwa kutoka mahali fulani. Sukuma ni kaskazini. Dakama ni kusini, kiya ni mashariki, ng'weli ni magharibi. Walioko upande wa kaskazini wakaitwa Wasukuma, walioko kusini Wadakama, na jina likakaa. Kitenzi cha Kiswahili hakihusiki. Kiswahili na Kisukuma ni ndugu, hilo halina ubishi, lakini hata ndugu wanaweza kuwa na maneno mawili yaliyogongana bila kuhusiana. Hapa mgongano huo umebebeshwa historia ya kuhama kwa kabila zima, na mtoto wa shule anaondoka akiamini babu zake walifukuzwa, wakati neno linasema tu walikaa upande gani.

Walimu wengine huita migongano hii homonimia. Nao nawaomba waliweke neno hilo mahali pake. Homonimia ni ya ndani ya lugha moja: meza ya kulia chakula, na meza kidonge hiki. Meza ya kwanza tuliipata kwa Wareno, ya pili ni kitenzi chetu cha Kibantu, na zote mbili zimo ndani ya Kiswahili. Sato wa Mwanza na Satō wa Japani hawamo katika lugha moja, kwa hiyo jina hilo haliwahusu.

Limebaki la kuazima, ambalo ndilo huwachanganya hata watu makini, kwa sababu hapo neno ni moja kweli. Shule tumeipata kwa Wajerumani, lakini hatusemi Kiswahili na Kijerumani ni ndugu. Ziwani kwetu kuna mfano bora zaidi. Samaki wa jamii ya sato, Mjaluo humwita ngege, na Mganda naye humwita ngege. Sangara kwa Mjaluo ni mbuta, kwa Mganda ni mputa. Kijaluo ni lugha ya Kinailoti, Kiganda ni ya Kibantu. Hazina mzazi wa karibu wa kuzirithisha samaki. Kilichopo ni ziwa moja, na watu wanaovua na kuuziana wakipeana majina. Anayesema ngege ya Kijaluo na ngege ya Kiganda zina asili moja hajaenda mbali sana na ukweli. Aseme tu kwamba limeazimwa. Na anayetaka kudai asili moja kati ya lugha yake na nyingine yoyote, baada ya jozi ya kwanza alete ya pili na ya tatu, zinazotofautiana kwa mtindo uleule kama nzala na nzila. Akizipata, nitakaa chini nimsikilize.